Kuzuia kwa dini, kuzuia kwa nchi, au kumhoji kila mtu? Nilivyomsaidia mpwa wangu kuchagua upande

Jumamosi mpwa wangu alitoka bweni akaja kwetu Mwanga, hapa Kigoma mjini, kuchukua hela ya matumizi. Hata begi hajaliweka chini, baada ya shikamoo ya haraka haraka, akaanza.

"Mjomba, tuna mdahalo. Mada ni kama nchi iruhusiwe kuzuia wahamiaji kwa sababu ya dini yao ili kulinda usalama wa taifa. Mwalimu kasema tuombe upande wenyewe. Niombe upi?"

Upande wangu naujua, ningemjibu hapo hapo. Lakini mtoto wa kidato cha tano ukimpa jibu kavu anapanda nalo jukwaani na kuaibika kwenye swali la pili. Tukageuza kalenda ya mwaka jana, tukachora safu nyuma yake huku mgebuka, samaki wa ziwa letu, ukichemka jikoni kwenye mawese. Tulidhani zitakuwa safu mbili, ndiyo na hapana. Zikawa tatu, kwa sababu watu wakibishana kuhusu jambo hili huwa wanachanganya mambo mawili yasiyofanana: kumzuia mtu kwa dini yake na kumzuia kwa nchi anayotoka. Njia ya tatu ni kumpekua mtu mmoja mmoja.

Kuzuia kwa dini

Kwa sura yake ya siku hizi, hoja hii ilisemwa waziwazi tarehe 7 Desemba 2015. Donald Trump, wakati huo akiwa anawania kugombea urais wa Marekani, alitaka Waislamu wote wazuiwe kuingia nchini humo. Siku tano kabla yake, mume na mke walikuwa wameua watu 14 huko San Bernardino, California. Mume alikuwa mzaliwa wa Marekani. Mke ndiye aliyeingia kwa viza ya mchumba.

Nilimwonya mpwa wangu asiidharau hoja hii. Mgeni aliye nje hana haki ya kuingia sawa na raia. Kosa moja mlangoni linaweza kuzika watu wengi. Tena vikundi kama Al-Qaeda na ISIS vyenyewe ndivyo vinavyojitangaza kwa jina la dini, na mwenye upande huu atauliza: kwa nini serikali ijifanye haioni kile ambacho adui anakitangaza kwa mdomo wake? Ni swali la haki. Anayelicheka jukwaani anapoteza alama.

Jibu lake linaanzia kwa waathirika. Waliouawa kwa wingi na ISIS kule Iraq na Syria walikuwa Waislamu, na kati ya waliobisha hodi mipakani wamo wengi waliowakimbia hao hao. Kisha lipo suala la raia. Bomu la ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998, liliua watu 11. Wawili kati ya waliofungwa maisha na mahakama za Marekani kwa njama ile, Khalfan Khamis Mohamed na Ahmed Ghailani, walikuwa Watanzania. Raia hapiti kwenye dirisha la uhamiaji kuomba aruhusiwe kuishi kwao. (Mtandao ule ulikuwa na wageni pia. Usilifiche hilo, mpinzani wako atalitoa.)

Lakini kilichoniamsha mimi ni swali la mpwa wangu mwenyewe: "Sasa mjomba, afisa anajuaje dini ya mtu?"

Anajuaje kweli? Pasipoti yetu haina mstari wa dini. Sensa yetu haijauliza dini tangu ile ya 1967. Majina ndiyo kabisa. Nenda Tabora utakutana na kina Juma na Ramadhani ambao Jumapili wako kanisani, walipewa jina kwa sababu ya siku au mwezi waliozaliwa, basi. Hapa Ujiji ziko nyumba ambamo baba anakwenda msikitini, shangazi ni wa kwaya, na Idi na Krismasi pilau inapikwa kwenye sufuria ile ile.

Kwa hiyo afisa itabidi aulize. Na akiuliza, wa kwanza kudanganya ni yule yule anayetafutwa. Mtu aliyekubali kubeba bomu hawezi kushindwa kusema naitwa Petro. Atakayesema kweli ni mama mwenye watoto watatu na hijabu kichwani. Ikifika hapo afisa anaacha dini, anaanza kutazama ndevu, jina, kitambaa, na mahali pa kuzaliwa. Sheria iliyoandikwa kwa dini, ikifika dirishani, inatekelezwa kwa sura.

Kuzuia kwa nchi

Hata Marekani kwenyewe lile wazo la 2015 halikuandikwa hivyo lilipokuwa amri. Tarehe 27 Januari 2017 Trump, sasa akiwa rais, alisaini amri iliyotaja nchi saba: Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Raia wake walizuiwa kwa siku 90, mpango mzima wa wakimbizi ukasimamishwa kwa siku 120, na wakimbizi wa Syria wakazuiwa bila kikomo. Februari 3 jaji James Robart wa Seattle aliisimamisha. Machi ikaja amri ya pili, Iraq ikatolewa. Septemba ikaja ya tatu, ambayo safari hii iliitoa Sudan na kuingiza Korea Kaskazini na baadhi ya maofisa wa Venezuela, nchi ambazo si za Waislamu wengi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyofika Mahakama ya Juu na kushinda kwa majaji watano dhidi ya wanne, tarehe 26 Juni 2018. Majaji walio wengi walisema maneno ya amri yenyewe hayataji dini na rais ametoa sababu za usalama. Jaji Sonia Sotomayor alipinga, akirudi kwenye kauli za kampeni kuonyesha nia iliyokuwa nyuma yake.

Hapa ndipo mdahalo unapokuwa mtamu, kwa sababu njia ya nchi ina ubora ambao njia ya dini haina. Nchi inaandikwa kwenye pasipoti, afisa anaiona. Sababu inaweza kutajwa: serikali ile haitoi taarifa za wahalifu, pasipoti zake zinaghushiwa, daftari lake la vizazi limeungua vitani. Na nchi ikirekebisha, inatolewa. Chad ilikuwamo kwenye orodha ya Septemba 2017, ikatolewa Aprili 2018. Ukizuiwa kwa dini, unarekebisha nini? Utaambiwa usilimu au ubatizwe ndipo upate viza?

Udhaifu wake uko kwenye hesabu. Watekaji wa ndege wa Septemba 11, 2001 walikuwa 19: 15 wa Saudi Arabia, wawili wa Falme za Kiarabu, mmoja wa Misri, mmoja wa Lebanon. Hakuna hata nchi moja kati ya hizo nne iliyokuwa kwenye orodha ya 2017. Baada ya mashambulizi yale Marekani ilianzisha pia mpango wa kuwaandikisha wanaume wa kigeni kutoka nchi 25, karibu zote zenye Waislamu wengi. Waliojiandikisha wakiwa ndani ya nchi walizidi 80,000, na zaidi ya 13,000 wakafunguliwa mashauri ya kurudishwa kwao. Mpango ule haukuzaa hata hukumu moja ya ugaidi. Ukafutwa rasmi mwaka 2016.

Halafu mpwa wangu alinitolea macho nilipomwambia kwamba sisi wenyewe tulishaingizwa. Tarehe 31 Januari 2020 Tanzania iliongezwa kwenye orodha ile, pamoja na Nigeria, Eritrea, Sudan, Myanmar na Kyrgyzstan. Sisi na Sudan tulifungiwa bahati nasibu ya viza, ile iliyokuwa ikijazwa kila mwaka pale kwenye steshenari kwa elfu chache. Mkristo wa Kasulu na Mwislamu wa Ujiji walifungiwa siku moja. Rais Joe Biden aliifuta Januari 2021. Trump aliporudi madarakani, orodha yake ya Juni 2025 nayo ikawataja majirani zetu wa Burundi, ambao wengi wao ni Wakristo. Anayeshangilia orodha kwa sababu anadhani inamlenga mwenzake wa dini nyingine, aisome kwanza mpaka chini.

Kumpekua mtu mmoja mmoja

Wanaosema kila mtu ahojiwe peke yake huwa wanaliongea kama jambo jepesi. Sisi wa mkoa huu tumeliona likifanyika Nyarugusu. Kambi ile, wilayani Kasulu, ipo tangu Wakongo walipovuka ziwa wakikimbia vita vya 1996, na maelfu wamehamishiwa Marekani kutoka pale. Mkimbizi anaandikishwa, anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole. Anahojiwa na watu wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kisha anahojiwa upya na wanaoandaa faili kwa ajili ya Marekani, kisha na afisa wa Marekani mwenyewe. Majina na vidole vinapitishwa kwenye hifadhi za polisi, za ujasusi na za jeshi. Anapimwa afya. Anafundishwa namna ya kuishi huko. Kwa kawaida ilichukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na wengi walisota zaidi. Mtoto akizaliwa katikati, faili linarudi nyuma.

Kisha, Januari 2025, mpango mzima wa Marekani wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa. Aliyekuwa amemaliza kila hatua na aliyekuwa hajaanza wakawa sawa.

Njia hii nayo ina doa lake, na doa hilo linaitwa Kentucky, jimbo la Marekani. Mwaka 2011, katika mji wa Bowling Green, walikamatwa Wairaki wawili walioingia kama wakimbizi mwaka 2009. Mmoja wao, alama zake za vidole zilikuwa kwenye mabaki ya bomu la kutegwa barabarani yaliyookotwa Iraq miaka kadhaa kabla. Mabaki yalikuwa ghalani Marekani. Vidole vilikuwa kwenye faili. Hakuna aliyevilinganisha kwa wakati. Wanaotaka kuzuia kwa jumla hulitaja tukio hili kila mara, na wana haki: mchujo uliosifiwa ulimpitisha mtu aliyewahi kupigana na jeshi la nchi iliyompokea.

Ila soma vizuri kilichotokea baadaye. Faili za Wairaki walioingia zilipitiwa upya na hifadhi za taarifa zikaunganishwa. Kosa lilikuwa na anwani, likafuatwa. Dini ya yule mtu isingeongeza chochote kwenye kidole kile.

Kigoma ilishayapitia haya

Hapa ndipo nilipochukua kalamu mwenyewe, maana vitabu vya shule vinaruka.

Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, aliyesafiri Kasulu kwenda Kibondo anakumbuka mabasi yakisubiriana yapate askari wa kusindikiza. Bunduki zilivuka pamoja na watu. Wengi wa waliovuka, kutoka Burundi na hata Kongo, walikuwa Wakristo, kama walivyo wengi wa wenyeji wa vijiji vya huku Buha, nchi ya Waha. Ungemweka mtu pale mpakani Manyovu wa kuuliza dini, bunduki zote zingepita.

Na upo mfano ambao ningekuwa mimi jukwaani ningeuanzia. Aprili 1994, maelfu ya Watutsi walikimbilia parokia ya Nyarubuye, mashariki mwa Rwanda, wakauawa pale pale kanisani. Mkuu wa komuni ya Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi, aliyehusika na mauaji yale, alivuka akaja Tanzania akiwa katikati ya wakimbizi. Alikamatwa Juni 2001 katika kambi ya Mukugwa, hapa Kigoma. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu miaka 30 mwaka 2004, na rufaa ya 2006 ikaifanya kuwa kifungo cha maisha. Hakutambulika kwa dini yake. Alitambulika kwa jina, kwa cheo na kwa ushahidi wa walionusurika, mmoja baada ya mwingine.

Tumejaribu pia kufunga mlango moja kwa moja. Aprili 1994 karibu watu robo milioni kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa kama siku moja tu, na Machi 31, 1995 serikali ikafunga mpaka wa Burundi. Naelewa kwa nini. Lakini mpaka wetu ni mabonde na ziwa, na aliyekuwa na mtumbwi au aliyejua njia ya migombani hakusubiri geti lifunguliwe. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena, makumi ya maelfu walirundikana Kagunga, ufukwe mwembamba kati ya mlima na maji, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini. Hali kama ile haikupi nafasi ya kuhoji dini. Wala kumhoji mtu kwa kina haiwezekani siku hiyo. Unamwandika, unampa maji, mahojiano yanafuata. Hilo ni pengo la njia ya tatu, nalo lisemwe.

Sasa nieleze langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafuatilia karatasi zangu kwenye ofisi moja ambayo siitaji. Bwana aliyekaa dirishani aliniuliza babu kazikwa wapi, nikasema. Akauliza bibi mzaa baba alikuwa wa ukoo gani, nikasema. Akaniambia nitamke kitu kwa Kiha. Nikatamka, ingawa kila mtu huku anajua Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo hata Mrundi angeshinda mtihani ule. Jirani yangu kwenye foleni alikuwa mvuvi wa Kibirizi. Mashine ilikataa vidole vyake. Alifuta dole gumba kwenye suruali, akaweka, taa nyekundu. Akafuta kwa kitambaa chenye maji, taa nyekundu. Nilikitazama kile kidole: nyavu za nailoni zilikuwa zimekilamba mpaka kikang'aa kama mgongo wa kijiko. Akaambiwa arudi wiki ijayo, kana kwamba ngozi ingeota kufikia hapo.

Kwa sura, pale tulikuwa tunahojiwa mmoja mmoja. Lakini jamaa yangu wa Moshi alipata karatasi kama hizo bila kuulizwa kaburi la mtu. Mimi niliulizwa kwa sababu natoka Kigoma, na mtu wa Kigoma anadhaniwa Mrundi au Mkongo mpaka athibitishe. Ndiyo maana nilimwandikia mpwa wangu kwa herufi kubwa kwenye safu ya tatu: "MASWALI GANI, NA KWA NANI?" Ukiwapa watu wa dini moja maswali arobaini na wengine manne, umerudi safu ya kwanza kwa mlango wa uani.

Dini inapokuwa mlango

Hili tulilipitia kwa haraka. Ziko nchi zilizotumia dini kuingiza badala ya kuzuia. Slovakia mwaka 2015 ilisema ingependelea Wakristo kati ya wakimbizi wa Syria. India mwaka 2019 ilipitisha sheria ya kuwarahisishia uraia Wahindu, Masingasinga, Mabudha, Wajaini, Waparsi na Wakristo kutoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan, Waislamu hawakutajwa. Marekani yenyewe tangu 1989 ilikuwa na utaratibu uliowarahisishia Wayahudi na Wakristo wa kiinjili waliotoka Umoja wa Kisovyeti.

Tofauti ninayoiona ni moja. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unaitambua dini kama sababu ya mtu kuteswa, na ibara yake ya 3 inakataza kubagua wakimbizi kwa rangi, dini au nchi walikotoka. Kwa hiyo dini inaruhusiwa kuwamo kwenye faili kama kitu kinachomhatarishia mtu maisha, na hilo linaweza kuulizwa ushahidi: nani alichoma, lini, wapi. Ikigeuzwa kuwa tuhuma, hakuna ushahidi wa kuuliza. Katiba yetu nayo, ibara ya 13, inaitaja dini wazi katika maana ya ubaguzi.

Uombe upi

Nilimwambia hivi. Ukitaka upande wenye hisia na urahisi wa kusema, omba kuunga mkono. Hofu inaeleweka na kila mtu ukumbini, na mfano mmoja wa damu unatosha dakika tano. Ila jiandae kwa swali la pasipoti, kwa sababu ukishindwa kueleza afisa ataionaje dini, umeanguka. Njia ya kujiokoa ni kurudi nyuma kidogo, useme nchi badala ya dini, na utetee zile sababu za nyaraka. Utakuwa umehama mada kimyakimya, na majaji wengi wa midahalo hawatagundua.

Ukitaka upande unaosimama ukisukumwa, omba kupinga. Lakini usiseme mipaka ifunguliwe, hakuna aliyekuomba hivyo. Sema upekuzi uwe mkali kwa kila mtu, useme unachukua muda mrefu, useme umewahi kukosea, kisha uonyeshe kwamba ukikosea unajua umekosea wapi. Gacumbitsi awe ndani ya dakika ya kwanza. Na ile orodha ya 2020 iache mwisho, wenye macho mazito waamke.

Akaondoka na ile kalenda amekunja kwapani, mgebuka hajaumaliza.

Jumatano mama yake akanipigia. Mwalimu alikuwa amesoma maombi yote, akaona darasa zima limeomba kupinga, akagawa upya kwa kura. Mpwa wangu kaangukia kuunga mkono.

"Analia," mama yake akasema. "Anasema umpe cha kusema."

"Mwambie aanze na Kentucky," nikamjibu. "Na asitaje pasipoti mpaka aulizwe."